Serikali ya Wachache

Riziki alinipigia simu Alhamisi kutoka Winnipeg kuniambia kwamba baba yake amefariki. Nilimpa pole, nikamuuliza maziko ni lini, akasema Jumamosi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia na sasa ana kazi ya kumaliza. "Mwalimu," alisema, "wewe uliishi na Papa nyumba moja. Niambie kweli. Ule mwaka wa korona, kwa nini hakupanda ile ndege ya kwanza? Kulikuwa na mwanamke huko?" Akanieleza kwamba pembeni ya kaburi la mama yake kuna nafasi moja iliyoachwa wazi. Lakini mama yake, siku chache kabla ya kuacha kusema, alitamka mbele ya mdogo wake kwamba mume wake akija na aje, ila asilazwe karibu naye. Mdogo huyo, Mama Nabintu, yuko hai, anakumbuka, na hataki neno la dada yake livunjwe. Nisipokuwa na jibu, Papa Byamungu atazikwa upande wa pili wa makaburi, peke yake. Nilimwomba Riziki anipe mpaka kesho yake asubuhi. Kukumbuka hakukuhitaji muda. Muda niliuhitaji kwa sababu nilikuwa nimeahidi kutosema, na ahadi ile ilikuwa imeninufaisha mimi kuliko mtu mwingine yeyote.

Watu wengi huandika juu ya mwaka uliowafundisha wakiwa vijana. Wa kwangu ulinikuta na mvi. Mwaka 2021 nilikuwa na miaka arobaini na sita, naendesha foklifti katika ghala la makontena karibu na bandari ya Botany, Australia, na nimepanga chumba Lidcombe katika nyumba ndogo iliyojengwa nyuma ya nyumba nyingine. Chumba cha pili kilikuwa cha Papa Byamungu, Mkongo, fundi seremala mstaafu kutoka Bukavu, mwenye miaka karibu sabini. Jiko letu lilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa matofali, na nyuma ya ukuta huo ndipo treni za mizigo zilipopita kuelekea bandarini. Zikipita, vikombe vilitetemeka kwenye rafu, na Papa alikuwa na desturi ya kuweka kiganja juu ya kikombe chake bila kukatisha maneno. Mimi niliingia kazini saa tisa alasiri, kwa hiyo chakula chetu cha pamoja kilikuwa cha mchana. Yeye alipika, mimi niliosha vyombo. Alipika bukari na sombe, na kila mara nilimsahihisha kwamba hiyo ni ugali na kisamvu. "Kama ni kisamvu, basi usile," alinijibu siku moja, "mimi nimepika sombe." Hata hivyo aliniita Mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha mtu yeyote. Sababu yake ilikuwa kwamba mimi ni Mtanzania, na kwake Kiswahili cha Tanzania kilikuwa kama nguo ya Jumapili.

Lazima niseme ukweli juu ya Kiswahili hicho, kwa kuwa ndicho kiini cha jambo lenyewe. Niliacha shule mapema. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi na magazeti yaliyoachwa kwenye vyumba vya mapumziko kazini, nikiandika kila neno jipya katika daftari, na mbele yake neno la Kiswahili lililo safi, lisilo la kuazima. Nilichukia kuchanganya. Nilipowasikia Wakongo wa kanisani kwa Papa wakitia Kifaransa kila baada ya maneno matatu, nilijiona mimi ndiye mwenye nyumba na wao ni wapangaji. Kila siku wakati wa chakula nilimsomea Papa habari kutoka gazetini, nikizitafsiri papo hapo, naye alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe. Idadi ya wagonjwa, mitaa iliyoongezwa kwenye amri kali, umbali tulioruhusiwa kutembea kutoka nyumbani. Mtaa wetu ulikuwa miongoni mwa ile iliyobanwa zaidi, helikopta ikizunguka juu ya mapaa, wakati gazeti hilohilo lilionyesha picha za watu wa upande wa bahari wamejaa kwenye mchanga. Papa hakulalamika. Aliuliza tu, "Hawa na sisi ni nchi moja?" Nikamjibu ndiyo, ni moja. "Sawa," akasema, na kumega tonge.

Mwezi Agosti polisi mmoja na wanajeshi wawili waligonga mlango wetu. Walikuwa wanamtafuta mtu aliyetakiwa kujitenga, na walikuwa wamekosea nyumba. Niliongea nao dakika mbili, wakaomba radhi, wakaondoka. Nilipogeuka nilimkuta Papa amesimama katikati ya jiko, amevaa koti na viatu, ameshika mfuko wa nailoni wenye karatasi zake zote: za kambini, za Australia, na viza mpya ya Kanada. Nilimwambia hao ni wanajeshi wa kusaidia tu, hata bunduki hawana. "Mwalimu," akasema, "mwanajeshi asiye na bunduki ameiacha mahali." Hakuvua viatu mpaka usiku.

Viza ile ilikuwa ya kwenda kwa mke wake. Vita viliwatenganisha barabarani. Mama Mapendo na Riziki waliangukia kambi moja, Papa kambi nyingine katika nchi nyingine, na kila upande uliamini mwingine umekufa. Walipatana kwa simu, kupitia watu wa kanisa, wakati tayari wao walikuwa wamepelekwa Kanada na yeye Australia. Karatasi za kuwaunganisha zilichukua muda, kisha mipaka ikafungwa. Mwezi Julai Riziki alitupa habari kwamba mama yake ana saratani ya ini na madaktari hawadhani ataiona Krismasi. Mimi ndiye niliyejaza fomu ya kuiomba serikali ya Australia imruhusu Papa kutoka. Ruhusa ilikuja. Chanjo zote mbili alikuwa nazo. Tiketi ilikuwa ya wiki ya kwanza ya Oktoba, na kwa hesabu ya madaktari angekuwa na walau mwezi mzima wa kukaa kando ya kitanda.

Wakati huohuo Kanada iliingia kwenye uchaguzi, na Riziki alibadilika sauti. Mwaka uleule alikuwa amekula kiapo cha uraia mbele ya kompyuta, jikoni kwake, mtoto mgongoni, na sasa alikuwa anajiandaa kupiga kura kwa mara ya kwanza maishani. Alitusimulia kila kitu: vyama, mabango kwenye nyasi za majirani, mabishano kazini kwake. "Sisi Wakanada hatupendi makelele," alisema siku moja, na Papa akainua macho. "Sisi nani?" Riziki akacheka. "Sisi, Papa. Mimi niko na karatasi." Papa hakucheka. Simu ilipokwisha aliniambia kwamba mtu anaweza kuishi kwa watu hata miaka hamsini, akala chao na kuvaa chao, lakini neno "sisi" si la kuokota barabarani. Nilikubaliana naye. Mimi mwenyewe nilikuwa na uraia wa Australia, na sikuwa nimewahi kusema "sisi" kwa maana hiyo, hata kwa makosa.

Usiku wa matokeo yao ulikuwa saa sita na kitu mchana kwetu, Jumanne. Papa alipika ndagala, ambazo mimi huziita dagaa, na bukari, tukaegemeza simu kwenye mtungi wa maji ili Riziki atuone tunakula. Alikuwa amevaa shati jekundu, na nyuma yake televisheni ilikuwa inawaka. Kwanza alituonyesha picha aliyopigwa asubuhi nje ya shule alikopigia kura. Amesimama wima, barakoa usoni, na nyuma yake mlingoti. Papa akasogeza uso karibu na simu.

"Bendera mbona iko katikati? Nani amekufa?"

"Ni watoto, Papa," alisema Riziki. "Watoto wa wenyeji wa hii nchi. Zamani serikali iliwanyang'anya wazazi wao, ikawapeleka mashule ya nguvu. Sasa wameanza kuona makaburi yao. Tangu mwezi wa tano bendera iko chini. Mimi, Papa, hiyo ndiyo inafanya niheshimu hii nchi, kwa sababu inajionea haya mbele ya..."

Hakumaliza. Nyuma yake televisheni ilipiga muziki, akageuka, akapiga kelele kwamba wametangaza. Ni yuleyule, alisema, waziri mkuu ni yuleyule, kila kitu ni kama mbele, yaani kama zamani. "Lakini hakuna mwenye amepata majorite. Itakuwa minoritaire tena."

Papa alinigeukia. Kifaransa chake kiliishia darasa la nne. Pengine, kama ningenyamaza, Riziki angemweleza kwa mchanganyiko wake, vipande vya lugha tatu, na angeelewa. Lakini niliulizwa mimi, na neno nilikuwa nalo tayari kwenye daftari, safi.

"Maana yake ni serikali ya wachache," nilisema.

"Wachache?"

"Ndiyo. Wachache ndio watakaotawala, na wengi watawaacha kwa muda."

"Muda gani?"

"Haijulikani. Wengi wakikasirika, wanaiangusha."

Papa aliweka tonge kwenye sahani. Akamuuliza Riziki kama watu wamekubali. "Watu wamechoka tu, Papa," Riziki alijibu huku akicheka. "Wanasema ulikuwa uchaguzi wa bure." Kila nilichosema kilikuwa sahihi. Nimekipitia mara nyingi tangu siku ile, sentensi moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua mzigo, na sikuona kosa katika hata moja. Nilichosahau ni masikio yaliyokuwa yakisikiliza. Mimi mwenyewe nilikua nikisikia redioni juu ya utawala wa wachache kusini mwa Afrika, na nilijua kwamba katika lugha yetu maneno hayo yana damu. Nililisahau hilo kwa sababu nilikuwa nafurahia neno langu.

Siku tatu au nne baadaye, nikiwa najiandaa kwenda kazini, nilimsikia Papa kupitia ukuta akiongea na Riziki. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Hali ya hewa huko ikoje?" Riziki alijibu kwa sauti iliyonifikia vizuri, maana simu yake Papa alizoea kuiweka kwa spika: "Mbaya, Papa. Imechafuka tangu mwanzo wa wiki. Upepo, baridi, watu wanabaki ndani. Lakini tumeshazoea." Papa alisema, "Nimekusikia, mwanangu. Usiseme zaidi." Nilidhani ni mzee anayeogopa baridi. Nikaandika kwenye karatasi ya manunuzi: soksi za sufu, fulana za ndani.

Siku ya safari ilipofika niliamka mapema nimpeleke uwanjani. Sanduku lilikuwa limesimama mlangoni, limefungwa kwa kamba. Papa alikuwa ameketi mezani kwa suruali ya nyumbani, anakunywa chai.

"Siendi, Mwalimu. Nitasubiri mambo yatulie."

"Mambo gani, Papa? Mama anakusubiri."

"Najua ananisubiri." Aliweka kiganja juu ya kikombe ingawa hakuna treni iliyokuwa inapita. "Mtu akiingia kubaya, anawaongezea mzigo waliomo. Nimeshafanya hivyo mara moja."

Sikumuuliza zaidi. Nilijiambia ni heshima kutomchimba mzee, na kwamba labda anaogopa kumwona mke wake katika hali ile. Kwa Riziki alisema tu kwamba kuna mambo hapa, hawezi kuja kwa sasa. Nilisikia kilio kwenye simu, kisha sauti nyingine, nyembamba, ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi. Mama Mapendo alimuuliza mumewe jambo moja tu: "Yuko nani huko?" Papa akajibu, "Niko na Mwalimu." Sasa naelewa jibu hilo lilisikika vipi: kama la mtu anayekwepa swali.

Katikati ya Oktoba mji ulifunguliwa. Tulitoka kwenda kunyoa nywele, tukarudi tukiwa wepesi vichwani, tukaketi kula. Nilikuwa nimeanza kumsomea habari za mipaka, kwamba hivi karibuni watu watasafiri bila kibali, aliponikatisha. Aliangalia dirishani, halafu mlangoni, kisha akainama kunielekea.

"Mwalimu. Wale wachache. Ni kabila gani?"

"Wachache wapi, Papa?"

"Wa Kanada. Wenye wamechukua serikali."

Nakumbuka ndagala kwenye sahani na treni ikipita na vikombe vikitetemeka bila mtu kuvishika. Kisha nilianza kueleza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilieleza kwa maneno yoyote yaliyokuja. Nilichora viti vya bunge nyuma ya gazeti. Nikasema majorite, nikasema siti, nikasema partii, nikachukua maharage kutoka kwenye kopo na kuyapanga mezani, haya wao, haya wenzao, hakuna upande uliofika nusu, kwa hiyo mwenye mengi zaidi anaongoza kwa kuwaomba wengine. Na bendera? Bendera ni huzuni ya zamani, nilisema, ni nchi inayowaomba radhi watoto. Hakuna aliyepindua mtu. Papa aliyaangalia maharage. "Hakuna mwanajeshi?" Hakuna. "Watu wanakwenda kazini?" Wanakwenda. "Na hali ya hewa?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kule kwao, enzi zao, hakuna mtu aliyetaja serikali kwenye simu, uliuliza hali ya hewa. Riziki, aliyekulia kambini, alikuwa amemjibu habari za upepo.

Papa hakunigombeza. Aliyakusanya maharage, akayarudisha kwenye kopo, akaniambia nitafute ndege. Ndege zilikuwa chache na watu wote walikuwa wamegutuka siku moja. Ya karibu kabisa niliyoipata ilikuwa ya Novemba. Alipompigia mke wake ili amweleze, dawa za maumivu zilikuwa zimeshamchukua. Riziki aliweka simu sikioni mwa mama yake, na Papa aliongea Kishi, lugha ya kwao, kwa muda mrefu, upande wa pili kukiwa na pumzi tu. Mama Mapendo alikufa siku tano kabla ya safari yake.

Papa alikwenda hata hivyo. Uwanjani, akiwa ameshika ule mfuko wa karatasi, aliniambia nisije nikamweleza Riziki. Nilibisha, si kwa nguvu sana. "Atakuchukia," alisema, "na wewe hapa uko peke yako. Mimi naenda kwa watu wangu. Niko na wa kunisamehe." Hakujua alichokuwa anasubiriwa nacho kule. Na mimi sikujua, mpaka Alhamisi hii, kwamba kwa miaka yote aliyoishi nyumbani kwa binti yake aliulizwa na hakujibu. Riziki anasema alikuwa akijibu, "Niliogopa," basi, na wao walidhani anaficha jina la mtu. Papa alipata uraia wa Kanada miaka michache baadaye. Nilitumiwa picha: Papa amevaa koti, ameshika bendera ndogo ya karatasi, uso umekunjamana kama mtu anayesoma maandishi madogo. Chini yake aliniandikia mwenyewe, "Sasa na mimi ni kati ya wachache." Nilicheka peke yangu kwenye foklifti, kisha nikazima injini nikakaa hivyo mpaka msimamizi aliponiita.

Ijumaa asubuhi nilipiga simu. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwa mpangilio katika kurasa mbili, lakini Riziki aliniambia ningoje, akaniweka kwenye spika. Nilisikia chumba kilichojaa watu, vikombe, mtoto akiongea Kiingereza. Nilisoma kurasa zangu mpaka mwisho. Hakuna aliyenikatisha. Halafu sauti kavu ya mwanamke mzee ikauliza:

"Wewe ndiye wanakuita Mwalimu?"

"Ndiyo, Mama."

"Unafundisha nini?"

"Sifundishi, Mama Nabintu. Naendesha foklifti."

"Basi sema tena, vile ulimwambia yeye siku ile. Usinisomee. Usitengeneze."

Nilirudia. Nilimwambia bendera ilikuwa nusu mlingoti na watoto wamekufa, na kwamba nilisema serikali ya wachache imeingia, na wengi wakikasirika wataiangusha. Nilimwambia hali ya hewa ilikuwa imechafuka. Nilipomaliza, mtu mmoja chumbani alianza kucheka, akanyamazishwa. Riziki alikuwa analia. Nilimtambua kwa pumzi.

"Ulimwambia hivyo," alisema Mama Nabintu polepole, "mtu wa Bukavu."

"Ndiyo, Mama."

"Hata mimi nisingepanda hiyo ndege."

Nilisubiri aniambie jambo jingine, lolote, na ningelistahili. Lakini hakuwa anaongea na mimi tena. Sauti yake ilikuwa imegeukia chumba.

"Riziki, acha kulia. Pigia watu wa makaburi simu. Waambie wachimbe pale kwa dada."